Leza ya kwenye gemu na leza ya mtaani

Wazazi wengi wameshakutana na swali hili. Mtoto anainua macho kutoka kwenye simu na kuuliza: "Baba, ni kweli meli ya anga za juu inaweza kujificha? Na leza inaweza kuikata vipande viwili?" Jibu la haraka huwa kwamba hayo ni mambo ya gemu tu. Mtoto anarudi kucheza, na somo zuri la fizikia linapotea. Kibaya zaidi, leza ya kweli siku hizi huuzwa mtaani kama kichezeo, na mtoto anaijua kwa sura ya kwenye gemu.

Mstari usioonekana

Kwenye gemu, leza ni mshale wa rangi. Mchezaji anauona ukija, anaukwepa. Katika anga za juu jambo hilo haliwezekani. Mwanga unaopita pembeni ya mtu huonekana pale tu unapogonga kitu na kutawanyika kuelekea machoni pake. Taa ya bodaboda kwenye barabara ya vumbi huchora mstari mrefu gizani, na tochi inayopita kwenye kundi la wale wadudu wadogo wanaopanda kutoka ziwani kama moshi hufanya vivyo hivyo. Vumbi likitulia, mstari unatoweka ingawa taa bado inawaka.

Kati ya sayari ni karibu utupu mtupu, kwa hiyo leza inayopita haionekani kabisa. Kukwepa nako hakupo. Mwanga husafiri karibu kilomita 300,000 kwa sekunde, na hakuna habari inayoweza kuutangulia. Anayeuona ameshapigwa.

Leza pia haibaki nyembamba milele. Mwaka 1969 wanaanga wa Apollo 11 waliacha mwezini vioo maalumu, na wanasayansi hadi leo huvimulika kwa leza kutoka duniani ili kupima umbali. Safari ni wastani wa kilomita 384,000, na mwanga ukifika huko umeshapanuka kuwa doa la kilomita kadhaa. Ndiyo maana kuikata meli iliyo mbali kama mkate ni ndoto. Kukusanya mwanga mahali padogo kwa umbali huo kungehitaji kioo kikubwa mno.

Kujificha na joto

Kuhusu kujificha, Mwanza ina mwalimu mzuri: mawe yake. Jioni, jua likishazama, mtoto asogeze kiganja karibu na jiwe kubwa lililopigwa na jua mchana kutwa, bila kuligusa. Atasikia joto. Jiwe linatoa miale isiyoonekana kwa macho, iitwayo infraredi. Kila kitu chenye joto hutoa miale hiyo, hata mwili wa mtu.

Anga za juu zina baridi ya karibu nyuzi 270 chini ya sifuri. Meli yenye watu na injini ndani yake ni kama ngalawa ya wavuvi wa dagaa usiku wa giza: taa moja ziwani, na walio vilimani mjini wanaiona. Kuipaka meli rangi nyeusi hakuzimi joto lake. Njia iliyo rahisi ni kukaa nyuma ya kitu kikubwa, kama taa ya ngalawa inavyopotea ikipita nyuma ya kisiwa cha Saanane.

Darubini ya James Webb, iliyorushwa Desemba 2021, huonyesha uzito wa jambo hili. Kwa kuwa inatazama infraredi, imebebeshwa kivuli cha matabaka matano chenye ukubwa wa uwanja wa tenisi, ili joto la jua lisiifunike picha yake. Gemu chache hulizingatia hili. Elite Dangerous, iliyotoka Uingereza mwaka 2014, humruhusu mchezaji kufunga matundu ya kutolea joto ili asionekane, lakini joto hupanda ndani mpaka meli yake inaanza kuharibika.

Hatari iliyo mkononi

Mtoto aliyezoea leza ya gemu huamini kwamba isipoonekana mstari, hakuna kitu. Kumbe kalamu ya leza ikielekezwa jichoni, lenzi ya jicho huukusanya mwanga wote kwenye nukta ndogo sana nyuma ya jicho. Sehemu hiyo haina hisia ya maumivu, hivyo inaweza kuungua bila mtoto kulia. Baadhi ya kalamu za kijani za bei rahisi hutoa pia infraredi, ambayo jicho haliioni na kwa hiyo halipepesi. Nguvu iliyoandikwa kwenye kibandiko mara nyingi si ya kutegemea.

Kupanuka nako kuna athari zake. Doa la kalamu ya kawaida hukua kwa takriban mita moja kila kilomita moja. Uwanja wa ndege wa Mwanza uko kando ya ziwa, na doa hilo likifika kwenye kioo cha ndege inayotua usiku, humzuia rubani kuona njia.

Kwa hiyo kalamu ya leza isiwe kichezeo. Iliyopo nyumbani iwekwe mbali na watoto, na isielekezwe kwa mtu, mnyama, chombo cha usafiri wala kioo. Mtoto aliyemulikwa, akianza kuona doa jeusi au ukungu, asisubiri maumivu. Apelekwe mapema kwenye kliniki ya macho.

Kwa majaribio, tochi ya simu yatosha: imulikwe ukutani gizani, kisha kitambaa chenye vumbi la chaki kikung'utwe mbele yake. Mstari utajitokeza, na mtoto ataona mwenyewe kwamba mwanga ulikuwepo muda wote.