Ngeli Ngumu Noma, Ngeli Rahisi Pia Noma

Msee wa Nax, unakumbuka odijo akikukaririsha maneno mazito ya kutia kwa composition ya KCPE? Bila "plethora" na "delve", 35 kwa 40 ungeiskia tu kwa majirani. Ngeli hiyo imelipia wengi rent, wakiandikia wateja wa majuu kutoka keja za Njoro na Free Area.

Sasa imegeuka kesi. Aprili 2024, mwekezaji Mmarekani Paul Graham alipata barua pepe yenye "delve", akaambia watu wa X hiyo ni dalili ya ChatGPT. Wanaijeria walimvamia, na haki walikuwa nayo: huko, kama huku, neno hilo ni la darasani.

Lakini usikimbilie ngeli nyepesi. 2023, watafiti wa Stanford walipima programu 7 za kunusa maandishi ya AI kwa insha 91 za TOEFL, za watu ambao Kiingereza si lugha yao ya kwanza. Kwa wastani, zaidi ya nusu zilibandikwa jina la mashine, na watafiti wakalaumu msamiati finyu. Insha zilipotiwa maneno ya juu, lawama zikashuka.

Yaani binadamu anashuku neno gumu, mashine inashuku neno rahisi. Uandike na nini sasa, Kikalenjin?

Mi naona usitupe msamiati, tunza ushahidi. Andikia kwa Google Docs, juu inahifadhi historia ya mabadiliko. Mteja akikataa kulipa eti ni AI, mfungulie aone sentensi zikijengwa, pamoja na ile "delve" uliyofuta ukairudisha.