Historia ya Kazi na Mtoto wa Kharumwa

Wapo wasemao kwamba historia ya wafanyakazi ni somo la chuo kikuu, na kwamba kumsimulia mtoto habari za migomo ni kumfunza ukaidi. Hoja hii huvaa joho la busara. Basi na ipelekwe Kharumwa ikapimwe. Huko kijana aweza kushuka katika duara la dhahabu miaka mingi kabla hajauona mlango wa chuo, na wengi hawauoni kamwe. Somo hilo anawekewa nani?

Husikia kwamba almasi ya Mwadui iligunduliwa na John Williamson mwaka 1940. Ni kweli, lakini walioichimba hawana jina. Wasukuma na Wanyamwezi waliokwenda kukata katani pwani wakaitwa manamba, yaani watu wa kuhesabiwa. Mwaka 1947 mgomo wa makuli wa Dar es Salaam uliifuata reli hadi bara.

Watajibu kwamba hayo yamo vitabuni. Yamo, kama ngazi ya kupandia Uhuru, ambayo ikishapandwa hutupwa. Shirikisho la wafanyakazi la 1955, ambalo Rashidi Kawawa alikuwa katibu wake mkuu, husifiwa. Kuvunjwa kwake mwaka 1964, baadhi ya viongozi wa vyama wakiwa kizuizini, na kuundwa kwa NUTA mahali pake, hupitwa mbiombio. Huo ndio ukaidi unaoogopwa?

Wakati huohuo wazee waliopasua miamba ya Geita kabla mgodi wa kikoloni haujafungwa mwaka 1966 wamebaki wachache, wala hakuna darasa linalowaita.