Kichefuchefu Si Kudeka

Mjamzito anayetapika mara nyingi huambiwa anadeka. “Mbona mimi nililima mpaka siku ya uchungu?” husema mama mkwe. Tumjibu kwa upole. Kondo la nyuma hutoa homoni nyingi, mojawapo ikiitwa GDF15. Mwaka 2023 watafiti walieleza kwamba mwanamke aliyekuwa nayo kidogo mwilini kabla ya mimba huugua zaidi inapoongezeka. Aliyeizoea husumbuka kidogo tu. Projesteroni nayo hulegeza misuli, chakula kikakawia tumboni, kiungulia kikapanda. (Hapa baba naye asome.) Wengi hupata nafuu kufikia mwezi wa nne au wa tano. Lakini anayetapika hata maji, mkojo ukawa mchache na wa rangi nzito, asingoje miezi. Apelekwe hospitali leo hii.