Turkana: Ufa uliotunza mafuta haukutunza maji

Tangu Rais Mwai Kibaki alipotangaza Machi 2012 kwamba mafuta yamepatikana Turkana, mjadala umekuwa juu ya mgawo. Sheria ya Petroli ya mwaka 2019 iliipa kaunti asilimia 20 na wananchi wa eneo husika asilimia 5 ya mapato ya serikali. Lakini upo mgawo mwingine, uliofanywa na ardhi yenyewe mamilioni ya miaka iliyopita, ambao wanasiasa hawautaji sana.

Chini ya jangwa la Lokichar ardhi ilipasuka kutoka kaskazini kwenda kusini. Upande wa mashariki wa ufa huo ulididimia polepole, ukiinamia magharibi, na katika bonde lililozaliwa likatuama ziwa. Mabaki ya mimea na viumbe wadogo yalizama katika tope lake, yakafunikwa na matabaka yenye unene wa maelfu ya mita, yakaiva kwa joto la ardhini hata yakawa mafuta. Mafuta hayo yalipanda kupitia miamba ya mchanga, yakakwama pale matabaka yalipokatika na kupinda. Ndiyo maana visima vya Ngamia, Amosing na Twiga vimejipanga kandokando ya ufa wa magharibi, mithili ya shanga katika uzi.

Maji hayakupata bahati hiyo. Mwaka 2013 serikali na UNESCO walitangaza hazina kubwa ya maji chini ya uwanda wa Lotikipi, kaskazini mwa kaunti. Shangwe zilikuwa kubwa (pengine kubwa mno), kwani visima vilivyochimbwa baadaye vilitoa maji ya chumvi.

Hapo ndipo penye utata. Mafuta ya Lokichar yana nta nyingi, huganda yakipoa. Bomba la kuyafikisha Lamu, lenye urefu wa zaidi ya kilomita 800, halina budi kupashwa moto. Kuyasukuma kutoka miambani nako kunahitaji maji mengi, na mpango uliotayarishwa na Tullow ulilenga kuyavuta kutoka bwawa la Turkwel, Pokot Magharibi. Mfugaji anayechimba mchanga wa mto mkavu ili anyweshe mbuzi ataliona bomba hilo likipita.

Mwaka 2025 Tullow iliiuzia Gulf Energy mali zake za Kenya. Mwenye leseni amebadilika, ila swali la nani anywe kwanza bwawa likipungua limebaki mezani.