FUNDI HODARI HAHITAJI CHAMA? UONGO MTUPU



Kuna maneno yanayonong'onezwa langoni kila tunapokusanya ada. "Chama ni cha wavivu. Mtu aliye fundi kweli, mwajiri atamtunza mwenyewe." Vijana waliotoka chuoni na vyeti vipya wameanza kuyaamini. Leo twayajibu, na twayajibu kwa mfano wa mbali sana, wa watu ambao hakuna awezaye kuwaita wavivu: wachezaji wa hoki ya barafu wa Canada na Marekani.

Wengi wetu hatujaukanyaga uwanja wa barafu, ingawa hapa Nairobi mmoja mdogo ulifunguliwa hotelini mwaka 2005. Mchezo wenyewe ni huu. Watu 6 kila upande huteleza juu ya barafu kwa viatu vyenye makali ya chuma, wakipigania kisahani kigumu cha mpira kwa magongo. Hugongana kwa mabega na kubamizana ukutani. Meno hung'oka, magoti huteguka, nyonga huisha. Chombo cha kazi ni mwili, kama kwetu sisi tunaobeba, tunaochimba na tunaosimama mbele ya mashine.

Tunajua mtakavyosema: "Hao ni matajiri, wanatuhusu nini?" Ni kweli kwamba katika ligi yao kubwa, NHL, mshahara wa chini kabisa msimu wa 2024-25 ulikuwa dola 775,000. Lakini chini ya ligi hiyo kuna ligi ya pili, na chini ya hiyo kuna ya tatu, na huko ndiko waliko wengi. Yuko mchezaji ambaye mkataba wake mmoja una mishahara miwili: akiwa juu alipwa huu, akishushwa alipwa ule, na kupanda au kushuka si uamuzi wake. Yuko wa ligi ya tatu anayelipwa kwa wiki, na msimu ukikwisha mshahara umekwisha. Huyo ni kibarua mwenzetu. Tena hata zile fedha za juu hakuna tajiri aliyezitoa kwa moyo mwema. Tutaeleza zilivyopatikana.

Kwanza mtazameni Mike Sillinger. Klabu ya Detroit ilimchagua mwaka 1989, akiwa mchezaji wa 11 kati ya vijana wote wa mwaka ule. Alicheza misimu 17 na michezo 1,049 katika ligi kubwa. Mtu asiye hodari hafiki huko. Lakini alivaa jezi za klabu 12, na mara nyingi alibadilishwa na waajiri wake. Tarehe 22 Julai 2003 alihamishwa mara mbili kwa siku moja: Columbus wakampeleka Dallas, na Dallas siku ile ile wakampeleka Phoenix. Hata jezi ya Dallas hakuivaa.

Hatusemi alilala njaa. Tunauliza jambo moja: uhodari wake ulimpa neno gani juu ya mahali atakapolala mwezi ujao? Mke afunge mizigo, watoto watafutiwe shule nyingine, na wenye klabu wakiisha kupeana mikono, kazi yao imekwisha. Mtu wa namna hii wao humwona wa kawaida. Sisi tunamjua. Ni yule anayepewa barua Ijumaa kwamba Jumatatu aripoti tawi lingine, nauli ajitafutie.

Sasa sikilizeni vizuri, maana uhamisho una kazi nyingine, nayo ni kuvunja umoja.

Mwaka 1957 ligi ilikuwa na klabu 6 tu. Wachezaji walikuwa wakikatwa dola 900 kwa mwaka kwa ajili ya pensheni. Wakaomba kuonyeshwa vitabu vya mfuko ule. Wakanyimwa. Basi Ted Lindsay wa Detroit na Doug Harvey wa Montreal wakawaita wenzao, na Februari mwaka ule wakatangaza chama cha wachezaji.

Je, Lindsay alikuwa mvivu? Alikuwa ametwaa Kombe la Stanley mara 4. Msimu ule ule wa 1956-57 alikuwa wa pili katika ligi nzima kwa kufunga mabao na kusaidia kuyafunga. Kama maneno ya langoni yangekuwa kweli, Detroit wangemshika kwa mikono miwili. Mwezi wa Julai walimtupa Chicago, klabu iliyoshika mkia. Jim Thomson wa Toronto, mwenzake katika kuunda chama, naye akapelekwa Chicago vile vile. Wachezaji wa Detroit wakaogopa, wakajitoa Novemba, na chama kikafa. Waliachiwa makombo tu: mshahara wa chini wa dola 7,000 na nyongeza kidogo ya pensheni.

Ninyi mnaosema mwajiri humtunza fundi hodari, mtueleze hiyo Julai ya 1957.

Miaka 9 ikapita. Katika mji wa Springfield, Massachusetts, kulikuwa na klabu ya ligi ya pili. Mwenyewe alikuwa Eddie Shore, aliyewahi kuwa mchezaji mashuhuri, na kwa ukali hakuwa na mfano. Desemba 1966 aliwasimamisha wachezaji watatu bila mshahara, ati hawakucheza kwa bidii. Wenzao wakakataa kucheza. Hawa hawakuwa watu wa magazetini. Wengi walikuwa wachezaji wa kuhamahama, ambao ligi kubwa haikuwataka. Lakini waligoma pamoja, na pale Shore alipozoea kumtisha mmoja mmoja, alikuta timu nzima imesimama. Mwaka uliofuata aliwaachia wengine uongozi wa timu ile. Katika mwaka huo huo, 1967, ligi kubwa ikapata chama kilichodumu, na wachezaji wa ligi za chini wakaunda chao. Kutoka hapo ndipo yalipoanza mapatano ya mishahara tuliyoyataja juu.

Ndugu, kosa la 1957 na ushindi wa 1966 vina somo moja. Mtu mmoja hata awe nyota aweza kuhamishwa. Timu nzima haihamishiki.

Lakini tusifiche upande mwingine, maana jarida hili si la kusifu viongozi. Chama kile cha 1967 kiliongozwa na mwanasheria, Alan Eagleson. Wachezaji walimwamini, wakamwachia kila kitu, wakaacha kuuliza. Mwaka 1991 wachezaji 7 wa zamani, Carl Brewer na Gordie Howe wakiwamo, wakaishtaki ligi wenyewe. Howe alikuwa amecheza misimu 26 katika NHL, na pensheni yake ilikuwa kama dola 13,000 kwa mwaka. Mahakama ya Ontario iliamua mwaka 1992 kwamba ziada ya mfuko wa pensheni ilikuwa haki ya wachezaji, na mamilioni ya dola yakawarudia wazee hao. Mwaka 1998 Eagleson mwenyewe alikiri mahakamani makosa ya udanganyifu, akafungwa gerezani.

Tazameni: Lindsay aliomba kuona vitabu mwaka 1957. Vitabu vilifunguliwa na mahakama miaka 35 baadaye. Wangapi walikufa wakingoja?

Kwa hiyo tunasema mambo matatu.

Kwa vijana wenye vyeti: fundi peke yake ni bidhaa nzuri tu, na bidhaa nzuri huuzwa upesi. Njooni chamani mkiwa bado mna nguvu, msingoje nyonga iishe.

Kwa ndugu wa mikataba ya miezi mitatu mitatu: msione aibu kujiita wafanyakazi. Sheria ya Ajira ya 2007, kifungu cha 37, inamlinda kibarua aliyefanya kazi mfululizo kwa mwezi mzima asiendelee kuhesabiwa wa siku kwa siku. Lakini sheria haiji langoni kwa miguu yake. Huletwa na chama, na chama ni ninyi.

Kwa wanachama wote, na sisi viongozi tukiwamo: njooni mkutanoni, mkaulize ada imekwenda wapi na pensheni iko wapi. Kiongozi atakayekasirika kwa kuulizwa, mwulizeni tena.

Na yule atakayenong'ona langoni mwezi ujao kwamba fundi hodari hahitaji chama, mwulizeni kwa upole: Ted Lindsay alipelekwa wapi?

UMOJA NI NGUVU.