Rimeki ya maana haitoki Hollywood

Wadau, nimetazama The Lion King ya 2019 mara mbili, na bado ile ya 1994 ndiyo yangu. Jon Favreau na mafundi wake waliunda karibu kila kitu kwa kompyuta. Picha moja tu, ya jua likichomoza, ndiyo ya kamera. Kama mtu wa programu nawapa heko. Lakini simba wa kweli hanuni wala hacheki, kwa hivyo Simba akifiwa na babake, uso wake haukuambii kitu.

Sasa ingia duka la muvi Thika au Ruiru na flashi yako. Uliza za DJ Afro, anayesimulia muvi za Kihindi na za Kichina kwa Kiswahili na Sheng. Ana maikrofoni tu, na muvi inakuwa mpya kabisa. Hiyo ndiyo rimeki.

Tatizo ni kwamba flashi hiyo hiyo hubeba pia muvi zetu, kama Nairobi Half Life ya 2012, na waliotoa jasho hawapati hata ndururu.

Pendekezo langu: msimulizi auze sauti peke yake. Saa 2 za sauti, kwa kilobiti 64 kwa sekunde, ni kama megabaiti 58. Muvi yenyewe unainunua au kuikodi kwa mwenyewe, programu inaoanisha sauti na picha, kila mtu analipwa.

Kuandika programu hiyo si kazi kubwa. Kazi ni bei. Muvi ikigharimu zaidi ya nauli ya kutoka Ruiru hadi Thika, flashi itashinda tu.