Kisu kisiwe jibu pekee kwa mtoto aliyetanguliza matako

Na Rehema Mwakitalu

Kati ya wajawazito 100 wanaofikisha miezi tisa, watatu au wanne huwa na mtoto ambaye hajageuka: matako chini, kichwa mbavuni mwa mama. Mara nyingi kinachofuata ni barua ya rufaa na tarehe ya operesheni. Sina ugomvi na operesheni, maana imeokoa wengi. Ugomvi wangu ni na mazoea ya kuifanya njia pekee, kwa kuwa yanatumalizia wakunga wenye ujuzi.

Mwaka 2000 jarida la Lancet lilichapisha utafiti ulioongozwa na Mary Hannah wa Canada, uliohusisha wanawake 2,088 katika nchi 26. Waliopangiwa upasuaji, asilimia 1.6 ya watoto wao walikufa au kuumia vibaya. Waliopangiwa kuzaa kwa njia ya kawaida, asilimia 5. Hospitali nyingi duniani zikafunga mjadala. Lakini sehemu ya watoto hao walipofuatiliwa hadi miaka miwili, vifo na ucheleweshaji wa ukuaji wa akili vilikaribiana pande zote mbili.

Kwetu kuna la kuongeza. Utafiti wa nchi 22 za Afrika uliotoka 2019 ulionyesha kuwa vifo vya akina mama baada ya upasuaji wa uzazi ni mara 50 ya vile vya nchi tajiri. Kovu nalo halisahau: mimba ijayo, kizazi chaweza kuchanika au kondo la nyuma likang'ang'ania hapo.

Tena kuna mtoto asiyengoja rufaa. Mama anafika zahanati usiku, njia imefunguka yote, matako yanaonekana. Hapo tegemeo ni mikono ya mkunga, na kazi yake ya kwanza ni kutulia. Mwili ukitoka hadi kitovuni, asiyejua huvuta. Mikono ya mtoto inapanda juu, kidevu kinanyanyuka, kichwa kinakwama huku kitovu kimebanwa na hewa inakatika. Anayejua humwacha mama asukume, akihakikisha tu mgongo wa mtoto unaelekea juu. Kisogo kikionekana ndipo anamlaza mtoto juu ya mkono wake, anaweka vidole viwili kwenye mifupa ya mashavu na kukiinamisha kichwa kitoke taratibu. Ujuzi huo haupatikani siku ya tukio.

Kwa hiyo, wiki ya 36 kila mjamzito apimwe tumbo kwa makini. Mtoto akiwa hajageuka, na kama hakuna kizuizi, mama apelekwe hospitali yenye chumba cha upasuaji, daktari ajaribu kumgeuza mtoto kwa mikono kupitia nje ya tumbo. Karibu nusu hugeuka. Asipogeuka, mama aelezwe njia zote mbili na hatari zake, achague akijua. Akishazaliwa, kwa njia yoyote ile, mtoto akaguliwe nyonga, kwa sababu hitilafu ya nyonga huwapata zaidi watoto hawa na upasuaji hauiondoi.

Wakunga nao wafanyishwe mazoezi kwa mwanasesere kila mara, wa zahanati wakiwa wa kwanza. Tunapotangaziwa idadi ya vyumba vipya vya upasuaji, tutangaziwe pia idadi ya wakunga wanaoweza kumzalisha mtoto huyu.